Mti wa Dawa Hubanduliwa Upande Mmoja

"Mti wa dawa hubanduliwa upande mmoja." Wanangu, jana mlimsikia shangazi yenu akisema hivyo, mkaniuliza neno hilo lilitoka wapi, nami nilikuwa na chungu motoni. Nawaandikia leo, maana nawaona mnavyotumia vitu kana kwamba nyinyi ndio wa mwisho kuzaliwa, na moyo wangu hautulii.

Methali hii ilianza hivi. Huko milimani Upareni, juu ya kijiji kimoja, palikuwa na mti ambao gome lake lilitibu kifua cha watoto. Desturi ilikuwa mtu abandue kipande upande mmoja tu, apake kidonda cha mti mavi ya ng'ombe, na upande wa pili usiguswe mpaka kidonda kile kizibe.

Masika moja mtoto wa Nakunda akakohoa sana. Nakunda akaenda na panga, akabandua gome kuuzunguka mti wote. Alipokuwa anafunga mzigo, wifi yake Nanzia akatokea na kuni kichwani.

"Ee wifi, mti wa watu umeuvua nguo zote. Ungeuachia hata kaniki."

"Cheka tu. Anayekohoa ni wangu. Nikibakiza, watakuja wengine wamalize."

"Na hao wengine, watoto wao wa mawe?"

"Kila mtu na wake, wifi."

Mtoto akapona. Gome lililobaki Nakunda akalitundika darini, asimgawie mtu. Mti nao ukapukutisha majani, ukakauka.

Masika iliyofuata paa likavuja, gome likaota ukungu, likaoza. Ndipo kikohozi kikarudi, na safari hii kikawashika wawili, mtoto wa Nakunda na wa Nanzia. Nakunda akaenda kwa wifi yake.

"Wifi, huna hata kipande?"

"Nitoe wapi? Mti ulikuwa ule mmoja tu."

Nanzia hakumtukana. Walikaa tu, kila mmoja na wake mgongoni.

Wanaume wakatumwa mlima wa mbali. Waliporudi na gome, mtoto wa Nakunda akanywa, akapona. Wa Nanzia alikuwa amekwisha kuzikwa.

Hakuna aliyemsema Nakunda, na hilo ndilo lililomla. Akaotesha mche wa dawa ile pale pale ulipokauka mti wa kwanza, akauchunga mpaka uzeeni. Kila aliyefika na panga alimkuta amekaa, na kabla hata ya salamu alimwambia: "Mti wa dawa hubanduliwa upande mmoja."