Mama Nungu na Kapu la Mwalimu Nyani

Nina hadithi, niitoe?
— Itoe!
Nikiitoa kwangu, itabaki wapi?
— Kwetu!
Haya, sogeeni basi, na mwenye kusinzia asinzie upande ule.

Hapo kale, enzi ambazo wanyama walikuwa wakilima na kupeleka watoto shule, palikuwa na nungunungu mmoja aliyeitwa Mama Nungu. Alikuwa na shamba la viazi vitamu, na mtoto mmoja tu, binti, jina lake Tindi. Mama Nungu alikuwa mwema, lakini hasira zake zilikuwa karibu. Akikasirika, miiba yake ya mgongoni inasimama: cha! cha! cha!

Shule ya watoto ilikuwa juu ya mwamba. Watoto walikuwa kumi, na mwalimu wao alikuwa Nyani. Wazazi walimchagua Nyani kwa sababu ana vidole. Walisema, "Mwenye vidole ndiye mwenye hesabu." Hawakuuliza zaidi.

Kila asubuhi kila mtoto alibeba kiazi kimoja cha kuchoma, akakitia katika kapu la mwalimu. Kisha Nyani alishika fimbo akasema, "Moja hadi ishirini!" Watoto wakaimba, "Moja, mbili, tatu!" Waliimba bila kuvuta pumzi. Lakini ukimwuliza mmoja wao ana miguu mingapi, anakutazama tu. Maana Nyani aliwafundisha kuimba, hakuwafundisha kuhesabu.

Mchana Nyani aliketi juu ya mto wake wa majani, akavuta kapu, akagawa. Na kila siku viazi vilipungua. Kila siku watoto watatu walikosa.

"Nyinyi watatu hamkuleta," Nyani alisema.

"Tumeleta, mwalimu!"

"Waongo! Kapu ndilo linalosema kweli. Nyosheni mikono!"

Wakala fimbo badala ya viazi. Jana wale, leo hawa, kesho wengine.

Siku moja Tindi alirudi nyumbani na njaa. Mama akamwuliza, "Kiazi chako kiko wapi?"

"Nilikitia kapuni, mama. Mwalimu amesema sikuleta."

Mama Nungu akamwambia, "Labda ulikiangusha njiani."

Mara ya pili Tindi akarudi na njaa. Mama akasema, "Umekisahau tena!"

Mara ya tatu akarudi na njaa, na mikono imevimba. Mama akasema, "Tindi, kumbe umekuwa mwongo?" Mtoto akaingia pangoni, akageukia ukuta.

Mama Nungu hakula vizuri siku hiyo. Kesho yake akapanda mwambani.

"Mwalimu, mbona mwanangu umempiga hivi?"

Nyani akajikuna. "Mama Tindi, mwanao kichwa kizito. Anasahau chakula, na hesabu haimwingii. Hesabu si ya kila mtu. Wengine wameumbwa wachimbe tu."

Miiba ikasimama: cha! cha! cha! "Wachimbe tu?"

"Mimi nimesema tu ninachokiona."

Jamani, maneno hayo! Mama Nungu alishuka mwamba. Akasema moyoni, "Nitamfundisha mimi mwenyewe." Akamwita Tindi, akamsimamisha mbele yake, akapaza sauti kama Nyani: "Mbili na tatu ni ngapi? Sema! Sema haraka!"

Tindi akaficha mikono nyuma ya mgongo.

Mama akaiona ile mikono iliyofichwa. Hasira yake yote ikageuka ikawa aibu. Akakaa chini mavumbini.

Tindi alipoona mama amekaa, naye akakaa. Akaokota miiba iliyodondoka, akaanza kuichomeka kwenye udongo, mmoja mmoja, akicheza.

"Hao ni nani?" mama akauliza taratibu.

"Ni watu, mama. Hawa wawili wako nyumbani kwao."

"Wamekuja wageni watatu," mama akasema, akachomeka mitatu. "Hodi, hodi! Tuwapikie watu wangapi?"

Tindi akaugusa kila mwiba. "Watano!"

"Wawili wameaga, wamekwenda zao. Wamebaki wangapi?"

"Watatu! Na huyu mmoja anakula sana!"

Wakacheka wote wawili.

Siku ya pili mama akaleta komwe sita, zile mbegu za kuchezea bao, na kifuu cha nazi. "Kuku wangu ni sita. Fumba macho." Akafunika baadhi. "Fumbua. Nje wako wanne. Wangapi wamelala bandani?"

Tindi akafikiri, akakunja vidole. "Wawili!" Kifuu kikafunuliwa: wawili kweli.

Siku ya tatu mama akachora mistari kumi ardhini. Mbele ni kuongeza, nyuma ni kutoa. "Ruka mbele nne! Rudi nyuma moja! Uko wapi?"

"Kwenye tatu!"

Watoto wa jirani wakaja: mtoto wa Pimbi, mtoto wa Kindi, mtoto wa Digidigi. Kila jioni wakawa wengi zaidi, hadi wakafika wote kumi. Mama Nungu mwenyewe akaruka, akakosa mstari, akaanguka chali. Watoto wakacheka mpaka wakakohoa.

Nyani akapata habari, akaja mbio. "Mama Tindi! Unawaharibia watoto! Hesabu haifundishwi kwa vicheko!"

"Kwako amelia mwaka mzima, amejua kulia," alisema Mama Nungu. "Kwangu amecheka siku chache, anajua kuongeza na kutoa. Nani anaharibu?"

Nyani akatukana, akaondoka.

Jioni ile Tindi aliwatazama wenzake wakiruka, kisha akasema, "Mama, shuleni sisi tuko kumi. Mbona wanaokula ni saba?"

Mama Nungu akamgeukia.

"Kumi ukitoa tatu zinabaki saba. Basi kuna anayevitoa viazi, mama. Mimi sikusahau kiazi."

Miiba ikasimama yote, mpaka ya mkiani. Mama Nungu akaenda kwa wazazi wa wenzake Tindi, mlango kwa mlango: "Kesho mchana, mwambani. Msikose."

Asubuhi kila mtoto alipotia kiazi kapuni, alichomeka mchangani pembeni mwiba mmoja aliopewa na Mama Nungu. Nyani akaona mchezo tu, akacheka kwa dharau. Mchana ulipofika akaketi juu ya mto wake, akagawa.

"Tindi, Pimbi, Digidigi. Hamkuleta. Nyosheni mikono!"

Tindi akasimama.  "Mwalimu, miiba ni kumi. Viazi ulivyogawa ni saba. Saba tukiongeza tatu tunapata kumi. Vitatu viko wapi?"

"Kaa chini!"

Watoto wote wakasimama. "Vitatu viko wapi?"

"Nimesema kaeni!"

"Vitatu viko wapi?"

Nyani akainua fimbo, lakini hakuinuka yeye. Mama Nungu akatokea nyuma ya mwamba pamoja na wazazi wote, miiba imesimama: cha! cha! cha!

"Simama, mwalimu."

"Mgongo unaniuma."

"Simama!"

Hakusimama. Mama Nungu akamgeuzia mgongo, akarudi kinyumenyume, akamchoma. Nyani akaruka juu akipiga ukelele, na mto wa majani ukapinduka, viazi vikabingirika. Watoto wakahesabu: "Kimoja! Viwili! Vitatu!"

Nyani akakimbia porini ameshika makalio, na toka siku hiyo hayakuota manyoya. Mtazame mwenyewe ukikutana naye.

Wazazi wakashangilia. "Nyani mwizi! Nyani mwizi!"

"Nyamazeni!" alisema Mama Nungu. "Nyani ameiba viazi. Sisi je? Watoto watatu kila siku walirudi na njaa wakatuambia kweli. Tukamwamini mwenye fimbo, tukawaita watoto wetu waongo. Mimi wa kwanza."

 Mama Nungu akapiga magoti mbele ya Tindi, akaishika ile mikono yake. "Nilikuita mwongo, mwanangu. Nisamehe."

Tindi akaokota kiazi, akakimega, akampa mama yake kipande. Wakala pamoja.

Basi, mwenye mtoto na asikie: mtoto hufundishwa hesabu kwa kucheza naye, na akikwambia ameonewa, mwamini kwanza, ndipo uulize. Na mwalimu anayeogopa wanafunzi wake wasije wakajua, huyo mchunguzeni.

Hadithi yangu nimeitua, mwenye mabega aichukue. Mimi nilimfuata yule Nyani nimhesabu meno. Nilifika manne, nikasikia ngurumo, nikaona hayo manne yananitosha.