Shimo la Kigango cha Mzee Ngumbao

Kisa, wajukuu zangu! Itikieni "kije!" kwa nguvu, la sivyo nafunga mdomo nikalale. Ehe. Kilikuja enzi zile Mwingereza anatembea juu ya nchi hii kama mwenye hati, na hati hana.

Alikuwako Mbodze, binti wa Mzee Ngumbao. Mzee alipofariki, walimchongea kigango, ule mti wa ukumbusho wenye kichwa na mabega, wakausimika bomani kwao. Kigango kikishasimikwa hakihamishwi. Hata kijiji kizima kihame, chenyewe hubaki. Mbodze akiwa na neno, hukimiminia tembo la mnazi kidogo: "Baba, onja. Sasa nisikilize."

Wakaja wawili kutoka ngome ya Waingereza. Mmoja mwanajeshi, kapteni, watu wakimwita Bwana Buti. Wa pili msomi, degree tatu za Ulaya, Bwana Miwani.

"Hii shetani," Bwana Buti akanguruma. "Choma!"

"No, no, Kapteni! Hii ni sanaa. Itakwenda makumbusho, London."

Mnawasikia? Huyu achome, yule aibe, na wote wawili wastaarabu!

"Huyo ni baba yangu," akasema Mbodze.

Bwana Miwani akatabasamu. "Usilie, mama. Ni kipande cha mti tu."

Degree tatu, wanangu, na ukumbusho wa mfu haujui!

Wakaking'oa. Mbodze akakikumbatia, askari wakamsukuma, akaangukia ndani ya shimo. Shimo la baba yake!

Hakulia. Alichukua jembe, akaenda, akaenda, hadi ngomeni. Nje ya ngome alizikwa luteni aliyekufa kwa homa, na juu yake msalaba wa mbao. Bwana Buti hakupita pale bila kupiga saluti. Askari wakiwa gwarideni, Mbodze akauchimbua ule msalaba, akajitwika, akaja kuusimika mle mle shimoni.

Wakaja mbio na bunduki. Bwana Buti mwekundu kama pilipili.

"Wewe mwanamke iko wazimu? Hii ya ofisa yangu! Nyinyi hapana heshimu wafu?"

"Usilie, bwana," Mbodze akamjibu. "Ni kipande cha mti tu."

Bwana Miwani akavua miwani, akaifuta, akaifuta tena.

"Mnajua basi," Mbodze akasema. "Nipeni wangu, mchukue wenu."

"Impossible, mama," msomi akanong'ona, macho chini. "Kimeshafungwa sandukuni. Meli inangoja."

Msalaba ukarudi kwenye kaburi la luteni. Mbodze akatupwa jela. Na Mzee Ngumbao? Kwenye kabati la kioo, nchi ya baridi, wageni wanamkodolea macho, hana hata tone la tembo.

Mbodze alipotoka jela, watu wakataka kulifukia lile shimo. "Thubutuni!" akafoka. Akamimina tembo humo. "Baba, hawajakurudisha. Mahali pako papo."

Funzo? Mtu asiwadanganye shuleni kwamba hawakujua. Walijua, wakapakia.

Kisa nimekitua mbele yenu. Anayetaka kulala na alale. Shimo li wazi.