Nani Akalie Kiti cha Drafti?

Sogeeni, na anayetafuna atafune polepole, maana mimi nikianza kusema hata treni ya Tanga husimama isikilize. Nina kesi imenishinda. Na mimi si mtu wa kushindwa: mwaka jana nilimfunga mtu drafti hapa Korogwe akasahau njia ya kwao.

Kijiwe chetu kiko kwenye baraza la fundi baiskeli. Tuna ubao mmoja, kete za vizibo vya soda, na kiti kimoja chenye egemeo. Wengine wote wanakalia matofali. Kiti ni cha mchezaji bora wa mwaka. Mwaka jana nilikikalia mimi. Mwaka huu wametokea watatu.

Wa kwanza Mhando, fundi muashi. Kipaji chake ni subira. Anaweza kuikazia macho kete mpaka kete yenyewe ione aibu. Ukicheza naye, unaanza kijana unamaliza na ndevu.

Wa pili Mwanamvua, anakaanga mihogo pembeni ya baraza. Kipaji chake ni macho. Anageuza muhogo, anatupa jicho moja ubaoni, tayari ameshajua mchezo utaishia wapi.

Wa tatu Shekidele, mnadi mitumba. Huyu kipaji chake ni mdomo. Drafti hajui! Hajawahi kumfunga mtu, hata mwenye usingizi. Lakini akikusema, unasahau jina la mama yako.

Basi akaja Mkude kutoka Morogoro. Mrefu huyo, ukimtazama usoni kofia inaanguka. Begani ana gunia la mbao za watu, maana kila kijiwe alichokifunga aliondoka na ubao wao.

"Sichezi nanyi mmoja mmoja, nitazeekea hapa," akasema. "Jikusanyeni kijiwe kizima, mchezo mmoja. Nikifungwa, naliacha gunia. Nikiwafunga, nabeba ubao wenu."

Tukatazamana. Kijiwe bila ubao ni nini? Ni watu wazima wamekaa barazani bila sababu, wake zao wakipita wanawacheka. Mimi ningemmaliza kwa kidole kimoja, ila siku hiyo jino lilinivimba mpaka shavu likafika begani.

Akakaa Mhando. Mkude akasukuma kulia, Mhando akaziba. Akasukuma kushoto, Mhando akaziba. Jua likahama upande ule wa barabara likaja huu. Mkude akatoka jasho hadi kwenye kucha, na tundu la kupita halioni.

Mara shemeji yake Mhando huyo, mbio. "Shemeji! Dada uchungu umemshika, gari linakusubiri!"

Mhando akautazama ubao, akamtazama shemeji. "Ukuta nimewajengea," akatuambia. "Msiubomoe." Akaondoka.

Nani akae pale? Kila mtu akakumbuka ana shughuli. Akakaa Shekidele, kwa sababu hajui hata cha kuogopa.

Mwanamvua akapaza sauti kutoka kwenye karai. "Shekidele! Ile ya pembeni kushoto, ipeleke mbele. Lisha!"

"Nilishe, dada? Si zitaliwa?"

"Lisha bwana, muhogo unaungua!"

Kulisha kwetu ni kumpa mwenzako kete aile makusudi. Na drafti hairuhusu kukataa chakula: kikiwepo, lazima ule. Lakini Mkude alikuwa na sahani mbili. Huku ale kete moja, awe salama. Kule ale mbili, na huko ndiko Mwanamvua alikotega. Mkude si mjinga. Kidole kikaanza kwenda kwenye ile moja.

Hapo Shekidele akafungua mdomo. "Sawasawa, bwana mkubwa. Kula hiyo moja tu. Umri huo tumbo halitaki vingi. Dada Mwanamvua, huna uji laini hapo? Mgeni wetu hatafuni."

Watu wakacheka mpaka baiskeli za fundi zikaanguka zenyewe.

"Mimi wa uji?" Mkude akavimba. "Mimi?" Kidole kikaruka kikagusa njia ya pili. Na kwetu ukigusa umecheza.

Akala mbili. Shekidele akageukia karai. "Sasa?"

"Kula na wewe, mpaka mwisho!"

Akaruka, akaruka, akaruka, akatua mstari wa mwisho. Kingi! Kelele ile walioko Mombo walidhani ni radi. Baada ya hapo Mkude hakuwa na pa kusogea. Akalishusha gunia, akaomba muhogo.

"Sasa nani aliyekufunga?" nikamuuliza.

"Hata mimi nataka kujua," akasema, huku anapuliza muhogo. "Nikifika nyumbani nitaulizwa."

Jioni Mhando akarudi, macho mekundu, meno yote nje. "Mtoto wa kike! Na ubao?"

"Upo!"

Akakaa kwenye tofali, akacheka peke yake kama kichaa.

Furaha yetu haikulala. Asubuhi ugomvi.

"Bila ukuta wangu mngetega wapi?" akasema Mhando.

"Kaka, kingi kinaingia wewe uko hospitali," akajibu Mwanamvua. "Mtego ni wangu."

"Na kete uligusa lini, dada?" akadakia Shekidele. "Mkono ni huu hapa."

"Mkono wa mtu asiyejua kingi ni kipi!"

"Sijui, ila nimemfunga Mkude. Wanaojua walikuwa wapi?"

Hapo wote wakanitazama mimi na shavu langu.

Sasa vijiwe vingine vinakuja kuchukua mbao zao, na kila anayefika anauliza bingwa wa Korogwe ni yupi apewe mkono. Mmoja hakuwepo mwisho. Mmoja hakugusa kete. Mmoja hajui drafti. Kiti ni kimoja, na mimi ndiye wa kukikabidhi.

Haya, semeni. Ungekuwa wewe, ungemkalisha nani? Msiharakishe, bishaneni vizuri. Mpaka mkubaliane, mimi nawasubiri hapahapa, nimeegemea.