Kizingiti cha Bi Mashavu

Mjomba wa bwana harusi aliteleza juu ya viatu vya wageni kwenye kizingiti cha ukumbi wa Bi Mashavu, akavunjika mguu, akaapa kushitaki mpaka ukumbi ufungwe. Ndani palikuwa na bima ya wakala Mbwambo, uani bima ya wakala Lyimo. Kizingiti hakikutajwa katika mkataba wowote. Kabla habari ya ajali haijawafikia mawakala, Bi Mashavu akawaita wote wawili.

"Mwakani nataka bima moja tu. Nitampa mwenye kizingiti."

"Changu, mama. Mlango ni sehemu ya ndani," alisema Mbwambo.

"Usimdanganye bibi wa watu," alisema Lyimo. "Kiko uani, nakilinda tangu mwaka jana."

"Mnaapa?"

Wakaapa mbele ya wapishi.

Bi Mashavu akafunua pazia; nyuma yake mjomba alikuwa amelala, mguu umefungwa bandeji. "Mjomba, achana na kesi. Huyu atalipia goti, yule kifundo."