Chumba cha Mama Nungunungu

Paukwa!

Pakawa!

Wakubwa mpo? Wadogo mpo? Basi sogeeni. Mwenye kukohoa akohoe sasa, maana nikianza sisimami.

Hapo kale, zamani za kale sana, wanyama wachimbao walikaa pamoja kwenye kilima kimoja. Mhanga alichimba. Fuko alichimba. Nguchiro alichimba. Nungunungu alichimba. Kila mmoja alichimba alivyotaka, mpaka kilima kikawa vyumba chini ya vyumba, njia juu ya njia. Siku moja upande wa mashariki ukaporomoka. Puuu! Sungura na wanawe wakafukiwa ndani, wakafukuliwa kwa siku mbili. Walitoka hai, lakini tangu siku ile hawakutaka kulala ndani tena.

Wanyama wakakaa, wakakubaliana: hachimbi mtu bila kibali. Kazi ya kutoa kibali wakampa Mhanga, kwa kuwa hakuna aliyejua udongo kama yeye.

Basi kilimani hapo alikaa Nungunungu. Alikuwa mpole, mchapakazi, ila subira hakujaliwa. Chumba chake kilikuwa kimoja, na kilimtosha. Mwaka huo tembo wakapita ng'ambo ya bonde, wakakanyaga nyumba ya mama yake. Ikatitia. Mama akaja kwa binti yake akichechemea, mkononi hana kitu.

"Karibu, mama," Nungunungu akasema. "Hapa ndipo kwako."

Usiku wakalala pamoja. Mama akageuka, chwi! Miiba yake ikamchoma binti. Binti akashtuka, chwi! Miiba yake ikamchoma mama. Wakageuka, wakachomana. Wakaombana radhi, wakachomana tena. Kulipokucha mama akatoka, akajilaza mlangoni.

"Hapa pananitosha, mwanangu," akasema. "Napata hewa."

Lakini mlangoni palikuwa na umande. Siku ya tatu mama akaanza kukohoa. Na upande wa kusini mawingu ya masika yalikuwa yanajikusanya. Nungunungu alimsikia mama akikohoa, na kila kikohozi kilimwingia yeye kifuani.

Akaenda kwa Mhanga. Akamkuta anakula mchwa, pua imejaa vumbi.

"Shikamoo, mzee Mhanga."

"Marahaba. Umekuja kuchimba?"

"Nimekuja kuomba kuchimba. Mama hana pa kulala."

"Poleni," Mhanga akasema, akapangusa pua. "Fanya hivi. Nichoree chumba, nione upana wake na kimo chake. Lete alama za majirani zako kuwa wamekubali. Kisha nitakuja mwenyewe, nigonge udongo."

"Mvua iko karibu, mzee."

"Naiona. Ndiyo maana nakuambia yote leo, sikuambii njoo kesho."

Nungunungu akarudi akinung'unika. Mchoro, alama, kugonga. Njia nzima ni hayo hayo: mchoro, alama, kugonga. Mlangoni akakutana na Nguchiro, jirani yake wa juu.

"Mbona uso umekukunjamana hivyo, shoga yangu?"

Akamweleza. Nguchiro akacheka.

"Utazeeka ukimngoja Mhanga. Chimba kimya kimya. Leo unachimba, kesho mama yuko ndani. Nani atakuja kufukia chumba cha bibi kizee?"

Maneno yakamwingia. Mchana ule, mama alipokuwa anaota jua, Nungunungu akaukabili ukuta wa kushoto. Kwaru, kwaru, kwaru. Udongo ukatoka kwa urahisi. Kwaru, kwaru. Akafurahi. Kwaru, akaingiza mkono, mkono ukatokea upande wa pili.

Kilio kikasikika. Kilio chembamba, cha watoto.

"Nani huko?" sauti ikauliza.

Alikuwa Fuko, jirani yake wa ubavuni. Nungunungu akachungulia tunduni. Akaona watoto wanne wa Fuko, wachanga, vipara, udongo umewafunika mpaka shingoni. Baba yao alikuwa anawafukua mmoja mmoja, akiwapuliza pua. Fuu. Fuu. Fuu. Fuu.

Wote walikuwa wanapumua.

Fuko hakufoka. Alisema tu, "Jirani, ungeniuliza. Ningekwambia wanalala hapa."

Nungunungu alitamani ardhi immeze, na yeye alikuwa tayari ndani ya ardhi. Akaziba lile tundu kwa mikono yake mwenyewe, akalishindilia. Kisha hakumngoja mtu akamsemee. Akaenda mwenyewe kwa Mhanga.

"Mzee, nimechimba bila kibali. Nimewafukia watoto wa Fuko. Wako salama, lakini nimefanya."

Mhanga akauliza, "Umeshaziba?"

"Nimeziba."

"Basi tuanze upya. Mchoro uko wapi?"

Akachora palepale mavumbini, kwa mwiba wake mmoja. Mhanga akatoa ganda la mti, akamwambia akalitie alama za majirani. Nungunungu akaenda kwa Fuko, uso chini. Fuko akakiweka kiganja chake kwenye ganda, akalikandamiza.

"Chimba ukuta wa kulia," akamwambia. "Huko hamna mtu ubavuni. Na udongo ukikushinda, niite."

Akapanda kwa Nguchiro. Nguchiro akacheka tena, lakini naye akatia ukucha.

Kesho yake asubuhi Mhanga akaja. Akagonga ukuta wa kulia. Ti, ti, ti. "Udongo mkavu huu. Mzuri." Akagonga chini. Ti, ti, ti. "Mzuri." Akainua mkono, akagonga juu.

Bwi.

Mhanga akatega sikio. Akagonga tena. Bwi, bwi. Kipande cha udongo kikadondoka, kikapasuka mbele ya miguu ya mama.

"Juu hapa kuna nini?"

Nungunungu akamtazama Nguchiro, aliyekuwa amesimama mlangoni akitazama. Nguchiro hakucheka safari hii.

"Ni ghala langu," akasema. "Nililichimba mwaka jana. Sikumwambia mtu."

"Lina nini ndani?"

"Mawe. Navunjia mayai."

Nungunungu akamtazama mama yake, kikongwe, mgongo umepinda. Akayawazia yale mawe juu ya mgongo ule.

"Litafukiwa leo," Mhanga akasema. "Na leo hiyo hiyo nitagonga tena."

Nguchiro akatoa mawe. Akafukia, akashindilia. Ndi, ndi, ndi. Nungunungu akapanda kumsaidia, maana mawingu yalikuwa yamekaribia. Fuko akaja, akashindilia na yeye. Alasiri Mhanga akagonga juu. Ti, ti, ti. Akalichukua lile ganda la mti, akatia alama yake, akalitundika mlangoni.

"Chimba sasa."

Wakachimba. Kwaru, kwaru, kwaru. Siku mbili wakachimba, Fuko mbele, Nungunungu nyuma, Nguchiro anatoa udongo nje. Siku ya tatu, jua la utosini, mvua ikaanguka. Waaa! Ikanyesha siku saba. Juu hapakudondoka hata chembe. Mama akalala katika chumba chake, akageuka anavyotaka, na kikohozi kikaisha.

Mvua ilipopumua, mama akatoka mlangoni. Macho yake hayakuona vizuri. Akalipapasa lile ganda la mti. Akagusa alama ya kiganja, akagusa ukucha, akagusa alama nzito ya Mhanga.

"Hawa ni akina nani?" akauliza.

"Ni waliokubali ukae hapa, mama: Fuko mwenye watoto, Nguchiro, na mzee Mhanga."

Mama akalishika ganda kwa mikono miwili.

"Basi nipeleke nikawasalimie," akasema. "Anza na yule mwenye watoto."

Wakatoka, binti mbele, mama nyuma, taratibu kwenye matope.

Nanyi mlionisikiliza, shikeni hili: mwenye kujenga aulize kwanza, kwa maana ukuta wako ni ukuta wa jirani, na sakafu ya mmoja ni dari ya mwenziwe.

Ngano yangu naitua hapa. Iliyo njema ibebeni, na nilipokosea nisameheni.