Maji ya Itundwe

Mwanamke mmoja alikuwa na wimbo, na wimbo huo ndio mali pekee aliyotoka nayo kwao. Aliitwa Kalunde. Kwao kulikuwa Itundwe, mlima wa mawe wenye chemchemi ubavuni, ambako ukoo wake ulichota maji na kurina asali tangu zama ambazo hakuna aliyezihesabu. Alikuwa na umri wa miaka thelathini, na binti mdogo mgongoni, siku magari ya serikali yalipokuja kuwahamisha.

Hawakuhamishwa kwa ugomvi. Nchi ilikuwa imejenga mitambo ya umeme wa nyuklia, taa zikawaka hata katika vijiji vya mbali, na watu wakafurahi. Lakini mitambo ile huacha taka, kama jiko linavyoacha majivu, ila taka zake hazipoi kama majivu. Huua bila moto, bila harufu, bila rangi, na hukaa hivyo kwa maelfu ya miaka. Zikatafutiwa mahali pa kuzikwa, chini kabisa, ndani ya mwamba. Wataalamu wa miamba walizunguka nchi nzima wakasema mwamba wa Itundwe ni mkongwe na mtulivu kuliko yote. Walisema kweli. Wanasiasa nao walitazama daftari la wapiga kura, wakaona watu wa Itundwe ni kaya arobaini na mbili tu. Hilo halikusemwa, lakini nalo lilikuwa kweli.

Kaya zile zilipelekwa uwandani, mwendo wa siku mbili kwa miguu, mahali palipoitwa Makao Mapya. Walijengewa nyumba za bati na kuvutiwa bomba. Maji ya bomba yalikuwa na ladha ya chuma, na watoto waliyakataa. Binti yake Kalunde aliyatema, akalia akitaka maji ya nyumbani. Ndipo Kalunde akatunga wimbo. Hakutunga ili aitwe mtunzi. Alitunga ili mtoto anywe. Wimbo ulianzia pale bombani, ukavuka mbuga ya miiba, ukapita kati ya mawe mawili yaliyoegemeana, ukaacha korongo kavu mkono wa kushoto, ukapanda, ukafika kwenye chemchemi. Hapo sauti nayo ilipanda, ikasema: maji yake ni baridi, maji yake ni matamu, anayeyanywa amefika. Na mtoto alikunywa maji ya chuma huku akisikia habari za maji mengine.

Watoto wa jirani wakaushika. Haikupita miaka mingi, wimbo ukawa wa kijiji kizima: wakipalilia wanauimba, wakisindikiza bibi harusi wanauimba. Jambo la ajabu ni kwamba waliozaliwa Makao Mapya, ambao hawakuuona mlima hata kwa mbali, waliuimba kwa machozi mengi kuliko waliozaliwa mlimani. Kalunde aliona fahari. Kila asubuhi akitoka kuwafungulia kuku alisimama kidogo akitazama upande wa kaskazini. Itundwe haikuonekana kutoka pale. Alitazama hivyo hivyo, na haikupita asubuhi asitazame.

Miaka thelathini na mmoja ikaenda. Mashimo ya Itundwe yakajaa, na ikafika zamu ya kuyafunga. Wakubwa waliotoa amri ya kwanza walikuwa wamestaafu au wamekufa, na waliokalia viti vyao wakajiuliza swali ambalo halikuulizwa mwanzoni: tukishafunga na kuondoka, nani atawaambia watakaokuja? Swali likapelekwa chuo kikuu, ikaundwa kamati ya watafiti. Wachongaji walichonga fuvu juu ya jiwe. Mtu akauliza, je, wakidhani ni kaburi la mfalme aliyezikwa na dhahabu? Wasomi wa siasa wakapendekeza sheria kali isiyofutika. Wakakumbushana kwamba katika maisha yao wenyewe katiba ilikuwa imebadilishwa mara tatu. Wataalamu wa miamba walisema mwamba hautavuja, kisha wakaongeza kwa sauti ya chini, kwa kadiri tujuavyo.

Katika kamati hiyo alikuwamo Dakta Spesioza, mtafiti wa hadithi na nyimbo. Yeye alisema kwamba kinachodumu kuliko jiwe na sheria ni kile mama anachomwambia mtoto. Wakamtuma akakitafute. Alifika Makao Mapya wakati wa mavuno ya karanga, akapokewa na Kalunde, akakaa naye wiki tano. Walimenya karanga pamoja, wakala sahani moja. Mwanzoni Kalunde alimwita Dakta. Baadaye alimwita mwanangu. Spesioza aliurekodi wimbo, na alipousikia mara ya tatu alilia kama watoto wa pale walivyolia. Kisha akakaa kuuandika beti kwa beti. Alipofika nusu aliona kwamba beti zile zinachorika. Akachora: mbuga, mawe mawili, korongo, mwinuko, chemchemi. Akaweka mchoro wake kando ya ramani ya serikali, na havikupishana.

Angeweza kunyamaza. Alimpenda yule mama, na alijua anachokwenda kukigusa. Lakini asubuhi moja, ungo wa karanga ukiwa kati yao, alisema.

"Mama, wimbo huu ni njia. Iko siku ua wa Itundwe utakuwa umeanguka, walinzi hawapo, na wewe na mimi hatupo. Wimbo utakuwepo. Mtoto atauimba mpaka afike."

Kalunde aliuweka ungo chini. "Mlima mlishauchukua," alisema. "Sasa umekuja kuchukua na hamu yake?"

 Siku ya pili Spesioza aliaga, akarudi mjini, na katika taarifa yake, mahali palipotakiwa habari za Makao Mapya, aliandika kwamba utafiti bado unaendelea.

Kalunde alikuwa na mjukuu wa kike aitwaye Minza, mwenye umri wa miaka kumi na minane, aliyekuwa amechumbiwa. Minza alitaka kabla ya harusi ampe bibi yake zawadi ambayo hakuna mtu mwingine angeweza kumpa. Hakumwambia mtu. Alifunga kanga, akabeba chupa ya maji ya bomba na kibuyu kitupu, akaondoka alfajiri. Walimtafuta siku nne. Mama yake alikwenda mpaka kwa mchumba, hakumkuta. Siku ya tano, adhuhuri, watu walimwona akija kutoka kaskazini, miguu imechanwa na miiba, kibuyu kiunoni. Kule mlimani alikuwa ameingia pale ambapo watu waliotaka waya walikuwa wameukata ua. Alipofika nyumbani alipiga magoti mbele ya Kalunde.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Ulikuwa wapi, wewe?"

"Kwetu," alisema Minza, na akamnyooshea kibuyu kwa mikono miwili.

Kalunde alikizibua. Harufu ikampanda, ya jiwe bichi na majani ya chemchemi. Akauliza ni nani aliyemwonyesha njia.

"Sikuuliza mtu," Minza alijibu. "Nilifuata wimbo wako."

Akamwuliza kama ameyanywa. Minza akasema hapana. Maji ya chupa yalimwishia njiani wakati wa kurudi, akatembea siku nzima na kiu, kibuyu kimejaa kinampiga kwenye nyonga, kwa sababu alikuwa amekusudia bibi aanze. Wakati huo habari zilikuwa zimekwisha kuenea. Kalunde alipoinua macho aliona watoto wamejaa uani, na kila mmoja ameshika kikombe. Hawakusukumana. Walijipanga wenyewe, wadogo mbele, wakingoja tone la kule walikokuimba maisha yao yote.

Alitazama vile vikombe. Kisha akakiziba kibuyu, akakikaza, akaagiza Spesioza apigiwe simu. Watu walinung'unika. Mzee Shija, aliyehama naye kutoka mlimani, alimwambia kwamba amekuwa na roho ngumu. Minza alilia, akaingia ndani, hakula siku hiyo.

Spesioza alikuja akakichukua kibuyu, akakipeleka kupimwa. Baada ya wiki tatu alirudi nacho, na karatasi yenye mihuri. Maji yalikuwa safi. Mwamba ulikuwa umeshika. Kalunde akamwuliza utashika mpaka lini.

"Leo ni safi, mama. Kesho pia, na maisha yetu yote, tunavyoamini. Baada ya hapo hakuna ajuaye, na siku yakiharibika hayatabadilika rangi wala ladha." Akamimina kikombe kimoja, akampa. "Kunywa. Haya nimeyahakikisha mwenyewe."

Alimpa kwa moyo mmoja, kama mtu anayetaka kulipia neno alilolisema. Kalunde akakipokea. Watoto walikuwa wamerudi uani, na Minza alisimama mlangoni. Kikombe kilikuwa cha bati, na ubaridi wa maji ulipita ukafika viganjani. Alikisogeza karibu mpaka pumzi yake ikatia mawimbi juu ya maji. Ndani ya ile harufu alikuwamo mama yake akijitwika mtungi, walikuwamo wajomba zake na moshi wa mizinga, na yeye mwenyewe kabla hajajua kwamba mtu anaweza kuhamishwa. Hakuna aliyemzuia. Hata karatasi ilimruhusu. Kisha akakishusha kikombe.

"Nikinywa leo, hawa watakumbuka kwamba nilikunywa," Kalunde alisema. "Karatasi yako hawataikumbuka."

Akayarudisha maji kibuyuni polepole, bila kumwaga tone, akampa Spesioza aondoke nayo.

Tangu siku hiyo alianza kuugeuza wimbo. Kazi hiyo ilimchukua kiangazi chote, kwa sababu maneno yalikuwa yamezoea kupanda na hayakutaka kushuka. Wimbo mpya ulianzia kwenye chemchemi. Ulisema maji yake ni baridi na matamu. Spesioza, aliyekuja mara kwa mara kumsikiliza, alimwambia kwamba kamati ingependa maji yasemwe kuwa machungu. Kalunde alikataa. Hakutaka kusingizia kwao, na alijua uongo ule ungekufa siku mtu wa kwanza atakapoonja. Kisha wimbo ukasema nini kimezikwa chini ya utamu ule, na nani alikizika, na kwamba kilizikwa ili taa ziwake, na taa zile nasi tuliziwasha. Halafu ukashuka. Ukaacha korongo mkono wa kulia, ukapita kati ya mawe mawili, ukavuka mbuga, ukaishia bombani, na pale ndipo uliposema: anayeyanywa amefika. Ubeti wa mwisho ulikuwa na maneno machache tu: tuliipenda, kwa hiyo haturudi.

Hawakuupokea kwa furaha. Minza alikataa kuuimba, na siku ya harusi yake wasichana waliimba ule wa zamani, kwa sauti ya chini, wakidhani bibi hasikii. Bibi alisikia. Hakuwakemea. Waliokaa karibu naye waliona midomo yake ikicheza, akipanda nao mpaka juu.

Lakini aliuimba ule mpya kila siku, kwa watoto wadogo wasiojua mwingine. Kule mjini kamati ilimaliza kazi. Ukajengwa ukuta wa mawe wenye nyuso zilizochongwa zikilia, na wanasiasa wakabishana mwaka mzima ni jina la nani liandikwe kwenye jiwe la msingi. Wimbo wa Kalunde uliwekwa katika taarifa, karibu na mwisho, ukurasa ambao wengi hawakuufikia. Spesioza alijua hivyo. Ndiyo maana kila alipokwenda kufundisha alianza somo kwa kuuimba.

Minza akazaa binti. Siku moja, yapata miaka mitano baadaye, mtoto yule alikuwa anaruka kamba uani huku akiimba wimbo wa kushuka, bila kukosea hata jiwe moja. Kalunde, ambaye sasa alitembelea fimbo, alimwita.

"Wewe, kitukuu changu. Huna hamu ya kuiona Itundwe?"

"Hapana, bibi," mtoto alisema. "Kule kumezikwa kitu. Kwetu ni hapa." Akarudi kwenye kamba yake.

Kalunde akamwambia vyema, na kweli ilikuwa vyema, ndicho alichokitaka. Kisha akajikongoja mpaka nyuma ya nyumba, akakaa juu ya kinu kilicholazwa, akalia kwa muda mrefu, kwa sababu Mzee Shija alikuwa ameshakufa na wenzake wengine pia, na sasa kutamani Itundwe ilikuwa kazi yake peke yake.

Nanyi mnaonisikia, kila mmoja wenu ana kitu alichokipenda ambacho siku moja kitawaua wanawe. Je, mtawaachia kiu yenu, au mtakufa nayo ninyi?