Jiwe Lililodai Viazi

Mwaka ule mvua iligoma. Mto ulikauka, majani yakawa vumbi, na wanyama wa uwandani wakabaki kuchimbua viazi mwitu kimoja kimoja, kwa taabu.

Katikati ya uwanda yalisimama mawe tisa marefu, yamepangwa duara. Watu wa kale sana ndio walioyasimamisha, na hakuna aliyejua kwa nini. Simba, ambaye hakupenda kukiri kwamba kuna jambo asilolijua, alidai kuwa ni mababu zake.

"Tazameni walivyonyooka," alisema. "Hiyo ni damu ya kifalme."

Sungura alisikia, akacheka kimoyomoyo. Asubuhi iliyofuata, wanyama walipokuwa wakipita, jiwe kubwa kuliko yote lilinguruma: "Wajukuu! Nina njaa! Kila nyumba iniletee viazi, nami nitaita mvua!"

Aliyenguruma ni Sungura, amejibanza kwenye ufa nyuma ya jiwe, mdomo kautia ndani ya kibuyu kitupu.

Simba alivimba kwa fahari. "Mmesikia? Babu amenena! Leteni!"

Wakaleta. Siku ya kwanza, ya pili, hadi ya tano. Viazi vilitoweka, mvua haikuja. Ndipo Bi Digidigi, aliyekuwa ananyonyesha, akaja na kiazi chake cha mwisho.

"Babu," alisema, "maziwa yamenikauka. Nikikupa hiki, mwanangu atanyonya nini?"

"Weka hapo," jiwe likajibu. "Ukibisha, mvua itapita mbali na kwako."

Akakiweka, machozi yakimlengalenga.

Fisi alikuwa pembeni, anawaza. "Bwana Simba, babu yako anaongea, sivyo?"

"Anaongea vizuri kuliko wewe."

"Basi ana ulimi."

"Bila shaka."

"Na ulimi ni nyama."

Kabla Simba hajamkemea, Fisi alikwisha kuzunguka nyuma ya jiwe kutafuta mahali palipo laini. Akaona kitu kirefu chenye manyoya kimechomoza ufani. Akaking'ata.

"Uwiii! Sikio langu!" jiwe likapiga yowe.

Simba akashtuka. "Tangu lini Babu ana masikio?"

Fisi akatoka kinyumenyume akimburuta Sungura, kibuyu mkononi, mashavu yamejaa viazi.

Wanyama walicheka hadi wakagaagaa chini. Simba peke yake hakucheka. "Namla sasa hivi!"

"Ukimla, sisi tutapata nini?" akauliza Bi Digidigi. "Arudishe viazi vilivyobaki, kisha achimbe mtoni mpaka maji yatoke. Nawe, Bwana Simba, umsaidie. Wewe ndiye uliyetuamuru tulete."

Simba akakohoa, akatazama huku na huku, akamfuata Sungura mtoni.

Walichimba siku tatu. Maji yalipotoka, Bi Digidigi alikunywa wa kwanza, na jioni mwanawe akanyonya mpaka akasinzia. Sungura alikunywa wa mwisho kabisa. Ilipofika zamu yake, lilikuwa limebaki tope tupu, akalinywa hivyo hivyo.